Alama ya Kuweka: "=" ya Lugha ya C kwenye Mizani ya Kakao

Msimu wa kakao ukifika Kyela, kazi ya karani wa chama cha ushirika cha wakulima (AMCOS) ni kupima na kuandika. Gunia la kwanza kilo 58, jumla 58. La pili kilo 61, jumla 119. Hakuna mkulima anayeuliza imekuwaje jumla iliyokuwa 58 sasa ni 119. Lakini kijana wa mkulima akikutana na mstari huu wa lugha ya programu ya C, jumla = jumla + uzito; anagoma. Shuleni ameambiwa "=" ni "sawa na", na hakuna namba iliyo sawa na yenyewe ikishaongezwa 61.

Katika C alama hiyo ni amri: kokotoa upande wa kulia, kisha weka jibu kwenye kigeu kilicho kushoto. Ndiyo maana naiita alama ya kuweka. Wapo wanaosema "kukabidhi", ila aliyekabidhi hubaki mikono mitupu, na a = b; haiipunguzii b chochote.

Mstari ule hufupishwa kuwa jumla += uzito; na hapa Kiswahili kimejitosheleza kwa kauli ya kutendea: += ni kuongezea, -= ni kupunguzia, *= ni kuzidishia. Karani anayetoa uzito wa gunia tupu ataandika uzito -= 1; yaani punguzia uzito moja. Kwenye /= mtindo unakwama, kwa sababu ukisema "gawia" mtu atangoja mgawo wake. Hapo tuseme tu "gawanya na uweke".

Mpangilio wa herufi hizo una kisa chake. Katika lugha ya B ya Ken Thompson, iliyoizaa C, iliandikwa kinyume: =+ na =-. Sasa uzito=-1 ni nini: punguzia moja, au weka hasi moja? Dennis Ritchie, muundaji wa C, ameeleza kwamba kosa hilo lilirekebishwa mwaka 1976.

Lililobaki ni baya zaidi. Kulinganisha kuna alama yake, ==, nayo ndiyo inayostahili jina la "sawa na". Ukisahau "=" moja ukaandika if (daraja = 1), programu haiulizi kama kakao ni ya daraja la kwanza; inaiweka daraja la kwanza, kisha inaona 1 si sifuri, kwa hiyo ni kweli. Kila gunia kuanzia Ipinda hadi Matema litapanda daraja, hata lililoanikwa nusu. Wakulima hawatalalamika, mnunuzi atalalamika.

Unayejifunza kwa kikusanyaji (compiler) cha gcc, usikusanye programu bila kuongeza -Wall kwenye amri yako: utaonywa kuhusu kosa hili kabla mzigo haujafika ghalani.