Nasaba ya Chapa: Istilahi ya Undugu wa Sarafu

Kwenye ufuo wa Ziwa Mweru, wilayani Nchelenge nchini Zambia, shaba haikosi majina. Wenyeji wanaosema Kibemba huiita umukuba. Katika makazi ya wakimbizi ya Mantapala, yaliyofunguliwa mwanzoni mwa 2018 kwa ajili ya watu waliokimbia mapigano ng'ambo ya ziwa, Wakongo waliotoka Katanga ya Juu na Tanganyika husema mukuba ndani ya Kiswahili chao. Mtu wa pwani akifika atasema shaba. Majina yamekutana hapa kwa sababu madini yenyewe yalipita hapa. Shaba ya Katanga ilivuka kwenda kwa mfalme Mwata Kazembe, na Livingstone alipofika ikuluni kwa Kazembe mwaka 1867 alimkuta Muhammad bin Salih, mfanyabiashara wa pwani aliyekuwa ameishi bara miaka mingi.

Palipo na shaba na Kiswahili, basi, ndipo mahali pafaapo kutafutia jina la jambo linalohusu sarafu za shaba. Wakusanyaji wa senti za kwanza za Marekani, zile kubwa zilizotengenezwa Philadelphia kuanzia 1793 hadi 1857, hawaridhiki na mwaka wa sarafu. Wanataka kujua imetoka kwenye chuma kipi. Senti mbili za mwaka mmoja, zenye picha ile ile na maneno yale yale, kwao zinaweza kuwa vitu viwili tofauti, moja ya kununuliwa kwa fedha kidogo na nyingine ya kutafutwa maisha mazima. Tofauti hiyo ndiyo ninayotaka tuipe jina la Kiswahili.

Tuanze na chuma chenyewe. Senti haikumiminwa. Ilipigwa. Fundi alichukua kipande cha chuma cha pua, akachonga kichwani mwake picha kinyumenyume, akagongea herufi na tarakimu moja moja, kisha akakikaza kwa moto. Alitengeneza viwili, kimoja cha uso wa sarafu na kimoja cha mgongo. Kisahani kitupu cha shaba kiliwekwa katikati, mashine ikavibana vyuma hivyo kwa nguvu, na sarafu ikazaliwa ikiwa na alama pande zote mbili.

Kipande hicho cha chuma tukiiteje? Neno la Kiingereza, die, likivaa sauti zetu, linakuwa dai, na dai tayari lina kazi yake kwa mdeni na mahakamani. Wengine hupendekeza kalibu. Kalibu ni neno zuri, ila lina kazi nyingine: ni chombo cha kusubia, kinachopokea madini yaliyoyeyuka. Misalaba ya shaba ya Katanga, iliyokuwa mali na fedha katika eneo hili kwa karne nyingi, ilisubiwa kwenye kalibu. Huko Sanga, karibu na Ziwa Kisale, wanaakiolojia waliikuta makaburini, na Pierre de Maret akaonyesha kwamba kadiri karne zilivyopita misalaba ilizidi kuwa midogo na kulingana kwa ukubwa, kama inavyotarajiwa kwa kitu kinachogeuka kuwa fedha ya kuhesabiwa.

Sarafu moja inaeleza tofauti hii kuliko kamusi. Mwaka 1961, Katanga ilipokuwa imejitenga na Kongo, ilitoa faranga za bronzi zenye ndizi upande mmoja na msalaba wa shaba upande wa pili. Msalaba ulioonyeshwa ni kitu kilichosubiwa. Faranga inayouonyesha imepigwa. Kwa hiyo kalibu tuiachie msalaba, na chuma cha kupigia tukiite chapa. Kiswahili tayari husema kupiga chapa, na kitenzi kupiga kinaeleza kile hasa kinachotokea mashineni. Tutakuwa na chapa ya uso na chapa ya mgongo.

Sasa tufike kwenye istilahi nzima. Kwa Kiingereza ni die variety, na tafsiri inayokuja haraka ni "aina ya chapa". Naikataa, kwa sababu aina ina kazi kubwa zaidi. Mwaka 1793 Marekani ilitoa senti yenye mnyororo mgongoni, na baadaye mwaka huo huo senti yenye shada la majani. Hizo ni aina mbili, na mtu yeyote atazitofautisha akiwa amesimama mbali. Lakini ndani ya aina ya mnyororo kuna chapa ambayo fundi aliliandika jina la nchi likakatika kwenye AMERI, na nyingine zilizolikamilisha. Hapa aina ni moja, na kinachotofautiana ni mzazi.

Neno mzazi ndilo lililonifungua macho. Kila sarafu ina wazazi wawili, chapa ya uso na chapa ya mgongo; tuseme uso ni baba na mgongo ni mama. Chapa ya uso ikipasuka, ya mgongo huendelea na kupewa mwenzake mpya, na sarafu zinazofuata zinakuwa na mgongo ule ule na uso mwingine. Kiswahili kinaijua hali hii tangu zamani. Tuna ndugu wa baba mmoja na mama mmoja, tuna ndugu wa kuumeni, tuna ndugu wa kukeni. Kazi ya mkusanyaji ni kupanga jamaa: huyu ni mtoto wa nani na nani. Ndiyo maana napendekeza nasaba ya chapa, yaani ukoo wa sarafu zote zilizozaliwa na jozi moja ya chapa.

Atatokea mtu aseme kwamba nasaba, kwa desturi ya pwani, hufuata upande wa baba. Hoja ni ya haki. Kwa Wabemba ukoo hufuata mama, na mtu wa Nchelenge anaweza kuuliza kwa nini tumsahau. Sarafu inatudai pande zote mbili, kwa hiyo anayetumia istilahi hii ataje uso na mgongo kila mara. Akitaja kimoja tu, nasaba haijatimia.

Mtaalamu aliyezipanga nasaba hizi kwa namba ni William Sheldon, katika kitabu chake cha 1949 kuhusu senti za 1793 hadi 1814. Namba zake bado zinatumika. Mwaka 1794 peke yake una nasaba zaidi ya 50. Namba 48 ndiyo inayopendwa kuliko nyingi: mgongoni, ukingoni kabisa, kuna nyota ndogo 94 zenye ncha tano, ambazo hazimo kwenye senti nyingine yoyote. Uadimu nao una ngazi nane. Ngazi ya nane ni ya nasaba ambayo zimebaki sarafu moja hadi tatu tu.

Chapa pia huzeeka. Chuma hupata ufa, na ufa huo huonekana kwenye sarafu kama mstari ulioinuka. Sarafu ya kwanza haina mstari, ya katikati ina mstari mfupi, ya mwisho ina mstari unaokata uso mzima. Huo tuuite umri wa chapa, usichanganywe na nasaba, kwani mtu habadiliki ukoo kwa kuota mvi.

Istilahi hii inatuhusu. Masultani wa Kilwa walipiga sarafu za shaba, na kwenye sarafu za Ali bin al-Hasan maneno ya uso na ya mgongo yanafuatana kwa vina, upande mmoja ukiupokea mwingine. Barghash bin Said alitoa paisa za shaba za Zanzibar zenye mwaka 1299 wa Hijria, sawa na 1882, na picha ya mizani. Sarafu hizi zina uso na mgongo, zina wazazi, na zinastahili kupangiwa jamaa kwa lugha ya watu waliozishika mikononi.

Jaribio la istilahi ni sentensi. Weka mezani senti mbili za 1794, kisha useme mbele ya mtoto wa Mantapala: "Hizi ni ndugu wa kuumeni, uso mmoja, migongo mbalimbali." Hahitaji kuwahi kuiona Philadelphia ili akuelewe, maana kupanga ndugu namna hiyo alifundishwa nyumbani.