Chumvi, Nguruwe na Mti wa Rumbim: Habari za Tsembaga wa Milima ya Bismarck

Katika kisiwa cha New Guinea, ambacho duniani hakuna kisiwa kikipitacho kwa ukubwa ila Greenland, kuna safu ya milima iitwayo Bismarck. Na ubavuni mwa safu hiyo, juu ya mto Simbai, wameishi tangu enzi za mababu zao watu wapatao mia mbili wajulikanao kwa jina la Tsembaga, wasemao lugha ya Maring pamoja na jamaa zao wa koo nyingine walio pande zote mbili za mlima, katika bonde la Simbai na katika bonde la Jimi. Ardhi yao yote ni kama kilomita za mraba 8, ikianzia karibu na mto, mita 670 hivi juu ya usawa wa bahari, na kupanda kwa mteremko mkali hadi mgongo wa mlima, mita 2,200, ambako ukungu hautoki mitini. Hawakuwa na mfalme wala jumbe, wala kadhi, wala askari, wala maandishi. Aliyewatazama kwa haraka aliwahesabu kuwa ni watu walioachwa nyuma na dahari. Mimi, kwa kadiri nilivyosoma habari zao, nimeona kinyume cha hayo, nami nataka kueleza kwa nini.

Habari hizo tumezipata kwa urefu kwa sababu ya mtu mmoja aliyekuwa na subira ya kupima. Roy Rappaport, mwanachuoni wa Kimarekani, alikaa kwao pamoja na mkewe Ann katika miaka ya 1962 na 1963, na siku baada ya siku alipima kwa mizani mizigo ya vyakula iliyorudi kutoka mashambani, akahesabu nguruwe, akapima viwanja, akaandika nasaba. Na kitabu alichokitoa mwaka 1968 kikawa miongoni mwa vitabu vilivyojadiliwa sana katika elimu ya mila za watu. Wako wanazuoni waliompinga, wakasema kwamba aliona mpango mahali penye mazoea tu. Katika hoja hiyo kila upande una haki yake, lakini hesabu za mizani zilibaki, nami nazitegemea hizo.

Tuanze shambani, kwa kuwa huko ndiko walikoshinda siku zao nyingi. Kwa uzito, takriban sehemu 99 katika kila 100 za chakula chao cha kawaida zilitokana na mimea: magimbi, viazi vikuu, viazi vitamu, muhogo, ndizi, miwa, mboga za majani, na tunda jekundu la mti wa jamii ya mkadi, ambao maua ya nduguye hutumiwa na wanawake wa pwani yetu kwa manukato. Wanaume na wanawake walifyeka pamoja, wanaume wakaikata miti mikubwa, na mingine wakaiacha imesimama baada ya kuipukutisha matawi. Kisha moto ukapita, kisha kila kitu kikapandwa kwa mchanganyiko, jani juu ya jani, hata mgeni asitambue kama analitazama shamba au kichaka.

Sasa mtazame mama mmoja wa Tsembaga akipalilia. Ameinama, mtoto wake amelala ndani ya mfuko wa kamba za gome uitwao bilum, uliotundikwa kivulini, mfuko ule ule ambao jioni utabeba viazi mgongoni mwake, kamba yake ikikaza kipajini. Mkono wake unang'oa magugu laini, moja baada ya jingine, lakini ufikapo kwenye mche wa mti wa msituni uliojiotea kati ya viazi, mkono huo huupita na kuuacha. Hakusahau. Miche hiyo kwa lugha yao huitwa duk mi, maana yake mama wa mashamba. Huachwa ikue pamoja na mazao, ikaufunika udongo usichukuliwe na mvua, na ikisha kusongamana, aghalabu baada ya mwaka mmoja au miwili, kuvuna huwa ni taabu kuliko faida. Hapo shamba huachwa, na msitu, ambao kwa hakika haukupata kuondoka, hurejea mahali pake, ukalala miaka mingi kabla ya kufyekwa tena. Rappaport alipiga hesabu akaona kwamba kila kiasi kimoja cha nguvu walichokitia shambani kiliwarudishia chakula chenye nguvu karibu mara kumi na sita. Hii ni elimu, na ilistahili kuitwa elimu hata kama haikuandikwa mahali.

Najua kwamba kwa wengi wa wasomaji wangu nguruwe ni haramu, wala hawana haja ya kusikia habari zake. Lakini historia ya watu hawa haiwezi kusimuliwa bila yeye, kwa sababu kwao nguruwe hakuwa kitoweo cha kila siku, bali alikuwa deni. Alichinjwa kwa ajili ya mgonjwa, kwa ajili ya ndoa, na zaidi ya yote kwa ajili ya wafu. Wanawake ndio waliomlea. Nguruwe mdogo alifuata nyayo za mama wa nyumba kama mtoto; akikua aliachiwa ajitafutie msituni mchana, akarudi jioni kula sehemu yake ya viazi. Walipokuwa wachache walikula makombo na viazi vidogo visivyofaa kwa watu. Walipozidi, ilibidi kulimwa mashamba kwa ajili yao, na kundi lilipofikia kilele chake zaidi ya nusu ya viazi vitamu vilivyochimbwa vilikwenda matumboni mwao. Ndipo wanawake walipoanza kulalamika kwa migongo yao, ndipo nguruwe wa huyu alipovunja ua wa yule, na majirani wakagombana hata kutishana mishale.

Kundi hilo liliwekwa kwa sababu ya vita. Koo za Maring zilipigana. Habari hii haifai kufichwa wala kupambwa, maana watu walikufa, na kiasi cha miaka kumi kabla ya kuja kwa Rappaport Tsembaga wenyewe walishindwa wakakimbia ardhi yao, wakaomba hifadhi kwa ndugu na mashemeji kabla ya kurudi kwao. Lakini vita vyao vilikuwa na kanuni. Mpiganaji alikula mafuta ya nguruwe yaliyotiwa chumvi nyingi kabla ya kwenda uwanjani, na ilikuwa mwiko kwake kunywa maji mpaka arejee. Basi kiu nayo ikawa na kauli juu ya urefu wa siku ya vita. Na vita vilipokoma, wale walioweza kubaki katika nchi yao walikusanyika kupanda mche wa rumbim, mmea wenye majani marefu uoteshwao kwa tawi, na kila mwanamume akaushika kwa mkono wake ulipokuwa ukiingizwa ardhini, ili roho yake iingie humo pamoja na roho za wenzake. Kisha walichinja nguruwe wote wakubwa wakawatolea wazee waliofariki, wakakiri kwamba hidaya ile haitoshi na kwamba deni bado liko. Maadamu rumbim imesimama, hakuna ruhusa ya kupigana. Iling'olewa tu baada ya kupatikana nguruwe wa kutosha kuwalipa wafu na kuwashukuru washirika wa vita, na kuwapata kulichukua miaka mitano, au kumi, au zaidi.

Tafakari, ewe msomaji, jambo hili. Watu wasio na mahakama wala gereza walijifunga wenyewe kwa amana ya mti mmoja, na muda wa amani yao ukapimwa kwa jasho la wanawake na unene wa mifugo. Sisemi kwamba hii ilikuwa pepo. Nasema ilikuwa sheria.

Rappaport aliiona sherehe ya kulipa deni, iitwayo kaiko, kwa macho yake. Iliendelea karibu mwaka mzima. Makabila rafiki yalialikwa kwa zamu, wanaume wakaja wamejipamba kwa manyoya ya ndege wa peponi, wakacheza ngoma usiku kucha, na wenyeji wakawahesabu wachezaji kimya kimya, kwa kuwa anayekuja kucheza ndiye anayetarajiwa kuja kusaidia. Wasichana nao wakatazama kwa hesabu nyingine. Mnamo Novemba 1963 walichinja kwa ajili ya kumaliza. Katika ua wa matawi uliojengwa kwa siku hiyo liliachwa dirisha, na watu waliopigana pamoja na Tsembaga waliitwa kwa majina mmoja mmoja, wakalishwa kinywani, kupitia dirisha hilo, mafuta ya nguruwe yenye chumvi. Nguruwe walikuwa 169 sherehe ilipoanza. Baada yake walibaki kama 60, wengi wao wadogo, na nyama ilikuwa imefika kwa watu zaidi ya elfu mbili. Deni lililipwa kwa ukamilifu. Lakini wakati huo serikali ya Australia ilikwisha kupiga vita marufuku, kwa hiyo ada hii, iliyokuwa mlango wa kutokea katika amani, ilifanywa kwa mara hiyo bila ya kuwako upande wa pili wa mlango.

Nimetaja chumvi mara kadhaa, si kwa bahati. Katika bonde la Simbai kuna chemchemi za maji ya chumvi, na watu wa huko waliyateka maji hayo na kuyakausha kwa moto mpaka ikabaki chumvi, wakaifunga na kuipeleka ng'ambo ya mlima, kwa watu wa Jimi na kwingineko, wakarudi na mashoka ya mawe. Pamoja na chumvi na mashoka yalipita manyoya ya ndege na makombe ya baharini, zikiwamo kauri, zile zile zilizokuwa fedha kwa watu wa Buganda. Zilipanda kutoka ufukweni mkono kwa mkono hadi kwa watu ambao hawakupata kuiona bahari. Kijiji kiitwacho cha upweke hakikuwa kipweke hata kidogo. Kilikuwa kiungo katika mnyororo, na chumvi ndiyo iliyokuwa bidhaa yake yenye nguvu.

Shoka la chuma lilifika kabla ya Mzungu. Katika miaka ya 1940 vyuma vilianza kupenya kwa njia zile zile za biashara, na doria ya kwanza ya serikali ilipowafikia Tsembaga mwaka 1954, mawe yalikuwa yamekwisha kutupwa. Baada yake zilikuja amri za serikali, misheni, kiwanja kidogo cha ndege huko Simbai, vijana kwenda kufanya kazi katika mashamba ya pwani, na chumvi nyeupe ya dukani, nyepesi kubeba na rahisi kununua. Moto wa kukaushia maji ya chemchemi ulizimika. Hakuna aliyeomboleza, nani huomboleza kazi ngumu inapompungukia?

Lakini katika bonde la Jimi, ambako wanunuzi wa chumvi ile walikuwa wakiishi, rovu zilikuwa zimejaa shingoni mwa watu, na watoto walikuwa wakizaliwa hawasikii wala hawasemi, miguu yao haiwabebi sawasawa na akili zao hazikui. Sababu yake ni ukosefu wa iodini, madini ambayo mama mjamzito akiyakosa, mtoto hudhurika kabla hajazaliwa. Mwaka 1966 madaktari wakiongozwa na Peter Pharoah walianza huko jaribio ambalo linafundishwa vyuoni hata leo: jamaa moja walidungwa sindano ya mafuta yenye iodini, na jamaa ya pili maji ya chumvi matupu, na kuendelea hivyo kwa kupokezana. Matokeo yalichapishwa mwaka 1971. Miongoni mwa watoto 534 waliozaliwa na mama wasiopewa iodini, 26 walipatwa na maradhi hayo; miongoni mwa 498 waliozaliwa na mama waliopewa, walikuwa 7, na 6 kati yao mimba zao zilikuwa zimekwisha kutungwa sindano ilipopigwa. Elimu iliyopatikana ni kubwa, na imewafaa mama wa mataifa mengi. Lakini mimi siwezi kuzisoma hesabu hizo bila ya kuwawazia wale mama wa upande wa pili, waliojitokeza wakanyoosha mikono yao kama wenzao, wakatiwa maji.

Mwaka 1974 Pharoah pamoja na mwenzake Hornabrook walitoa rai nzito zaidi. Waliwauliza wazee, wakaelezwa kwamba watoto wa namna ile hawakujulikana zamani, na kwamba walianza kuonekana baada ya wageni kuja. Walipoitazama chumvi ya zamani ya Simbai, ile ya chemchemi, waliikuta imejaa iodini. Chumvi ya dukani haikuwa nayo.

Basi kitu ambacho hakuna ofisa aliyekiandika katika orodha ya mali za nchi ile, furushi la chumvi chafu ya kijivu lililofungwa kwa majani, ndicho, kwa rai yao, kilichokuwa kikiwakinga watoto wa mabonde mawili. Na kilipoondoka, kiliondoka pasipo mtu kuuliza kilikuwa kikifanya kazi gani. Papua New Guinea ilijitawala tarehe 16 Septemba 1975. Sheria ya kukataza kuingizwa na kuuzwa nchini chumvi isiyotiwa iodini ilitoka mwaka 1995, miaka 21 baada ya wazee wa Jimi kusikilizwa na kuandikwa.