Mkarafuu una thamani gani? Historia ya Pemba kwa anayetaka kununua hisa

Siku hizi ukifungua simu hukosi mtu anayekuhimiza ununue hisa. Pengine ameshakutumia na mchoro wenye mstari unaopanda juu kama mnazi. Swali moja tu huwa halijibiwi: hiyo hisa ina thamani gani, na tumejuaje? Leo tutalijibu swali hilo, na wala hatuna haja ya kwenda New York. Twende Pemba.

Tuanze na Kisiwa Panza, kisiwa kidogo kusini mwa Pemba, wilaya ya Mkoani, ambako watu wengi wanaitegemea bahari. Kama sehemu nyingi za pwani yetu, mapato ya uvuvi hugawanywa kwa mafungu: fungu la chombo, fungu la nyavu, mafungu ya wavuvi. Mwenye fungu la chombo hana mshahara. Samaki wakipatikana anapata, wasipopatikana anarudi mikono mitupu. Basi hiyo ndiyo hisa. Hisa ya kampuni kubwa ya Dar es Salaam ni jambo hilohilo, ila mafungu yamekuwa mamilioni.

Sasa jaribu: mwenye fungu la chombo anataka kukuuzia. Utampa kiasi gani? Ukiwa na akili zako hutauliza tu mbao na misumari viligharimu nini. Utauliza chombo kinaingiza nini kwa mwaka, kitadumu miaka mingapi, na je, kikizama? Hayo maswali matatu ndiyo elimu yote ya kuthamini hisa, mengine ni hesabu tu. Na kwa zaidi ya miaka 150, watu wa Unguja na Pemba wameyajibu maswali hayo juu ya mti mmoja, mkarafuu. Walioyajibu vibaya walipoteza mashamba.

Hesabu ya shamba

Karafuu zilifika Unguja mwanzoni mwa karne ya 19, na Seyyid Said akasukuma sana upandaji wake. Sababu ilikuwa bei. Karibu na mwaka 1830 frasila moja, yaani kama kilo 16, iliuzwa takriban dola 10 za Maria Theresa. Kila mwenye nafasi akapanda. Unajua kinachofuata: miti yote ikazaa, karafuu zikajaa sokoni, na kufikia katikati ya miaka ya 1840 frasila ilikuwa imeshuka mpaka karibu dola 2. Kupanda mchongoma, kushuka ndio ngoma.

Hebu tufanye hesabu ya mfano. Namba hizi ni za kufundishia tu. Shamba linatoa frasila 100 kwa mwaka, bei ni dola 4, kwa hiyo linaingiza dola 400. Kupalilia, kuchuma, kuanika na kusafirisha kunakula dola 200. Faida inabaki dola 200. Wewe una fedha, na husogei mpaka upate angalau 20 kwa kila 100 uliyotoa, kila mwaka. Basi usilipe zaidi ya dola 1,000, kwa sababu 200 ni asilimia 20 ya 1,000.

Sasa angalia bei ikishuka nusu, mpaka dola 2. Mapato yanakuwa dola 200, gharama bado ni dola 200, faida ni sifuri. Bei imeshuka nusu, lakini thamani ya shamba kwako imeisha yote! Na bei ikipanda maradufu mpaka dola 8? Mapato 800, toa gharama 200, faida 600, thamani dola 3,000. Bei imepanda mara mbili, thamani imepanda mara tatu. Ndiyo maana hisa za kampuni yenye gharama nzito zinaruka na kuanguka kuliko bei ya bidhaa inayouza. Si uchawi, ni kutoa na kugawanya.

Ongeza jambo la pili: kungoja. Mkarafuu mchanga huchukua miaka kadhaa kabla ya kuzaa vizuri. Tuseme miaka 7. Shamba la miche litakalokuwa na thamani ya dola 1,000 baada ya miaka 7 halina thamani hiyo leo. Kama unadai asilimia 20 kwa mwaka, unagawanya kwa 1.2 mara saba, na unapata karibu dola 279. Mtu akikuuzia kampuni changa kwa kusema "miaka saba ijayo itakuwa kubwa", anakuuzia miche. Miche si kitu kibaya. Ila inunuliwe kwa bei ya miche.

Na kabla hatujaendelea, kuna jambo lisilopaswa kufichwa ndani ya neno "gharama". Kwenye mashamba hayo kazi ilifanywa na watumwa. Daftari la mwenye shamba liliwaandika binadamu kama mali. Biashara ya watumwa kwa njia ya bahari ilipigwa marufuku kwa mkataba wa 1873, na mwaka 1897 utumwa ukaondolewa kisheria Unguja na Pemba. Daftari linaweza kuonesha faida safi kabisa na lisioneshe faida hiyo imetoka kwa nani. Hata anayejali fedha peke yake ana somo hapo: faida inayotegemea dhuluma inaweza kufutwa siku sheria ikibadilika.

Upepo wa 1872

Tarehe 15 Aprili 1872 kimbunga kilipiga Unguja. Inakadiriwa kiling'oa au kuharibu kama theluthi mbili ya mikarafuu ya kisiwa hicho. Pemba, ambayo iko kaskazini yake tu, ilinusurika kwa kiasi kikubwa.

Jiweke mahali pa mkopeshaji wa Mji Mkongwe siku moja kabla. Umekopesha juu ya mashamba kumi tofauti, yote Unguja. Unalala vizuri, maana unajiambia huwezi kupata hasara kumi kwa mpigo. Kesho yake umepata hasara kumi kwa mpigo. Mashamba yalikuwa kumi, lakini upepo ulikuwa mmoja. Mwenzako aliyekopesha matano Unguja na matano Pemba ameumia, ila hakuzama. Tena, kwa kuwa karafuu za Unguja zilipungua, bei ilipanda, na mashamba yake ya Pemba yakapanda thamani. Balaa la upande mmoja likawa neema ya upande wa pili.

Mwaka 1952 Mmarekani Harry Markowitz aliliandika wazo hili kwa lugha ya hisabati, na baadaye akapata tuzo ya Nobel ya uchumi. Kiini chake ni hiki: usihesabu una mali ngapi, hesabu ni mambo mangapi tofauti yanayoweza kuziangusha. Ukiwa na hisa za benki tano za nchi moja, bado una mashamba matano kwenye kisiwa kimoja.

Kuna ujanja mwingine hapa. Tuseme uwezekano wa kimbunga kufuta shamba ni mara moja katika miaka 100. Kwenye hesabu yetu unaongeza asilimia 1 juu ya 20, unagawanya 200 kwa 0.21, na thamani inashuka kutoka dola 1,000 mpaka kama 952. Ni kidogo tu. Mkopeshaji mwenye mashamba mengi, yaliyotawanyika, anaweza kuichukulia hatari hiyo kama gharama ndogo. Lakini mzee mwenye shamba moja hapotezi asilimia 5. Siku hiyo ikifika anapoteza kila kitu. Hatari moja, watu wawili, maana mbili. Kwa hiyo mtu akikuambia "hatari ni ndogo", muulize: ndogo kwa nani?

Baada ya hapo Pemba ikachukua nafasi ya kwanza, na mpaka leo ndiyo inayotoa sehemu kubwa ya karafuu za Zanzibar.

Bei ya khiyari na mwaka 1934

Mashamba yakawa yanatafuta mtaji. Mwenye shamba alihitaji fedha za kuchuma kabla hajauza, lakini riba ni haramu katika Uislamu. Njia iliyotumika sana ni bei ya khiyari. Unamuuzia mkopeshaji shamba lako, tuseme kwa dola 500, ukiwa na haki ya kulikomboa kwa dola hizohizo ndani ya muda mliokubaliana. Wakati huo unaendelea kukaa humo na unalipa kodi. Mwanahistoria Fahad Ahmad Bishara ameieleza mikataba hii kwa kina katika kitabu chake cha 2017 kuhusu madeni ya Bahari ya Hindi.

Angalia alichofanya mkopeshaji. Akiona shamba lina thamani ya dola 1,000, anatoa 500. Zile 500 zilizobaki ni kinga yake: hata kama amekosea hesabu, hata bei ikishuka, bado yuko salama. Na wewe uliyebaki na haki ya kukomboa? Haki hiyo ina thamani ikiwa shamba ni zuri kuliko deni na una fedha mkononi siku ya mwisho. Msimu ukiwa mbaya mwaka huohuo, haki inakufa na shamba linaondoka. Na mkarafuu una tabia ya kuzaa sana mwaka mmoja na kupumzika mwaka unaofuata. Deni haliijui tabia hiyo.

Miaka ya 1930, uchumi wa dunia ulipoanguka, mambo yakabana. Mwaka 1934 serikali ya kikoloni Zanzibar ilitunga sheria za kuzuia ardhi ya wenye mashamba, Waarabu na Waafrika, kuhamia mikononi mwa wakopeshaji, wengi wao wafanyabiashara wa Kihindi, na ikatunga pia sheria ya Chama cha Wakulima wa Karafuu. Mwaka huohuo, huko New York, Benjamin Graham na David Dodd walichapisha kitabu cha kuchambua hisa na dhamana kinachosomwa mpaka leo. Ushauri wa Graham unaojulikana zaidi ni huu: kadiria thamani, kisha nunua kwa bei iliyo chini sana ya hapo, ili ukikosea usife. Mkopeshaji wa khiyari angemwelewa bila mkalimani.

Hatari ya mnunuzi mmoja

Mwaka 1937 Chama cha Wakulima kikapewa madaraka makubwa juu ya ununuzi wa karafuu. Wafanyabiashara wa Kihindi wakagoma, na India, soko kubwa, ikasusia karafuu za Zanzibar mpaka mapatano ya 1938. Shamba lilikuwa lilelile, mvua ileile, lakini thamani ilitikiswa na kalamu.

Kisha ikaja Indonesia. Viwanda vyake vya sigara za kretek, ambazo huchanganywa karafuu, vilinunua karafuu za Zanzibar kwa wingi kwa miaka mingi. Lakini Indonesia ilikuwa inapanda mikarafuu yake yenyewe. Katika miaka ya 1980 ikafikia kujitosheleza, na bei ya dunia ikaporomoka. Anayesoma ripoti ya kampuni leo aanze hapo: nani ananunua bidhaa hii? Ni wateja wangapi? Na mteja mkubwa, je, ameshaanza kupanda miche yake?

Hatari haijaacha visiwa. Kilimo cha mwani kilianza kibiashara Zanzibar mwaka 1989, na wakulima wake wengi ni wanawake. Aina ya cottonii inalipa zaidi, lakini bahari ikipata joto inaugua na kufa. Spinosum inavumilia zaidi, na bei yake ni ndogo. Kila anayechagua kamba za kufunga anafanya hesabu ya faida na hatari, hata kama hakuna aliyemfundisha kuiita hivyo. Na huko Kisiwa Panza maji ya bahari yanaingia ardhini kiasi cha watu kuhitaji ukuta wa kuyazuia. Kimbunga huja siku moja. Chumvi huja polepole na haigongi mlango. Hatari za aina ya pili ndizo tunazosahau kuziandika.

Sasa wewe

Soko la Hisa la Dar es Salaam lilianza kuuza na kununua hisa tarehe 15 Aprili 1998, tarehe ileile ya kile kimbunga. Ni sadfa tu, lakini inasaidia kukumbuka. Kabla hujanunua hata hisa moja, chukua karatasi. Andika kampuni imepata faida gani kwa kila hisa, si mwaka mmoja tu bali miaka mitano au kumi, maana kampuni nayo ina miaka ya kuzaa na ya kupumzika. Andika unataka asilimia ngapi kwa mwaka, kisha gawanya. Rudia hesabu bei ya bidhaa ikishuka nusu. Andika ni upepo gani mmoja unaoweza kuangusha vyote ulivyonavyo. Mwisho linganisha jibu lako na bei ya sokoni. Kama nafasi kati yake ni nyembamba, ngoja. Soko litafunguliwa kesho pia.

Na usinunue kwa fedha ya kukopa yenye tarehe ya mwisho. Wengi waliopoteza mashamba Pemba walikuwa na miti mizuri tu. Kilichowashinda ni tarehe. Wahenga walishasema: mali bila daftari hupotea bila habari. Daftari la shilingi chache, kalamu, na jioni moja ya utulivu vinatosha kuanza.