Mwandishi wa Habari na Kompyuta

Mwezi Julai 1967, mji wa Detroit nchini Marekani ulikumbwa na ghasia kubwa. Polisi walielemewa, jeshi likaitwa, na watu 43 wakapoteza maisha. Wengi waliamini kwamba waliofanya fujo ni watu wasio na elimu, au wahamiaji weusi kutoka majimbo ya kusini wasioyazoea maisha ya mjini.

Mwandishi wa habari Philip Meyer hakuridhika na dhana hizo. Muda mfupi kabla ya hapo alikuwa amejifunza matumizi ya kompyuta katika Chuo Kikuu cha Harvard. Gazeti la Detroit Free Press liliwahoji wakazi weusi 437, naye akayachambua majibu yao kwa mashine hiyo. Ikadhihirika kwamba waliosoma Chuo Kikuu walishiriki sawa na walioacha shule, na waliokulia kaskazini walishiriki zaidi ya waliotoka kusini. Mwaka 1968 gazeti hilo lilitunukiwa tuzo ya Pulitzer.

Askari ndiye hutumwa kuzima moto ambao chanzo chake huelezwa na wengine. Chanzo kikielezwa kwa kubahatisha, moto huwaka tena, naye huitwa tena. Mwandishi wa habari, basi, hana budi kujifunza kompyuta, ili ahesabu kabla ya kusema.