Bunduki ya Majaribio ya Mwaka 1913, na Jinsi ya Kuitambua

Waswahili wa zamani walizipa bunduki majina kwa namna zilivyowashwa. Iliyowashwa kwa utambi iliitwa bunduki ya mrao. Iliyopigwa kwa jiwe iliitwa gumegume. Kisha ikaja bunduki ya fataki. Mwenye kusikia jina alijua papo hapo chombo kilivyo. Waingereza walishika njia nyingine: waliita bunduki kwa kielelezo chake na mwaka wake. Kielelezo ni bunduki moja iliyokubaliwa, ikatiwa lakiri na kuwekwa ghalani, ili kila itakayofanyizwa baadaye ilinganishwe nayo. Njia hiyo huwafaa mafundi sana, lakini imewapoteza watu wengi, nasi tumo.

Habari yenyewe yaanzia katika vita vya Makaburu, 1899 hata 1902. Makaburu walikuwa na bunduki za Mauser za milimita 7, ambazo hutiwa viasi vitano kwa mara moja, vikiwa vimeshikwa na kibanio. Na Waingereza walitia viasi vyao kimoja kimoja. Tena risasi ya Mauser ilikwenda mbali bila kuinama sana njiani. Baada ya vita Waingereza walifanya bunduki fupi ya Lee-Enfield, yenye kutumia kibanio, lakini wako waliosema kwamba dawa hiyo haitoshi. Yapata mwaka 1910 wataalamu wao waliazimu kutengeneza bunduki mpya kabisa pamoja na kiasi kipya, na kazi ikafanyika katika kiwanda cha serikali cha Enfield.

Iliyotoka ni ile iitwayo Kielelezo cha 1913. Kipenyo cha mtutu wake ni sehemu 276 katika elfu za inchi, yaani kadiri ya milimita 7. Ganda la kiasi chake halina ukingo uliotokeza nyuma, kama lilivyo ganda la kiasi cha zamani cha .303. Risasi ilikuwa na uzito wa gireni 165, ikatoka mdomoni kwa mwendo wa zaidi ya futi 2,700 kwa sekunde, ile ya.303 ya wakati huo ilitoka kwa futi 2,440. Komeo lake lilifuata mfano wa Mauser, nalo hufunga mbele. Tundu la kulengea liliwekwa nyuma, karibu na jicho, likalindwa na masikio mawili ya chuma. Na sisi twaona kwamba hilo ndilo jambo jema kupita yote katika bunduki hii.

Zilifanyizwa zaidi ya elfu moja, zikapewa askari mwaka 1913 wazijaribu. Askari walinung'unika, tena kwa haki. Baruti ilikuwa na nguvu mno: moto mkubwa ulionekana mdomoni, mshindo uliumiza masikio, bunduki ilipiga bega, mtutu ulishika moto upesi na kulika ndani. Makosa hayo hayajaondolewa bado, vita kuu ikaanza Agosti 1914, na hapakuwa na mtu wa kufikiri kubadili viasi vya jeshi zima. Umbo la bunduki likahifadhiwa, likageuzwa litumie kiasi cha .303, likaitwa Kielelezo cha 1914; na kwa kuwa viwanda vya Uingereza vilikuwa vimelemewa, kazi ilipelekwa Marekani kwa Winchester, Remington na kiwanda cha Eddystone. Hizo zilipita milioni moja na laki mbili. Marekani nayo ilipoingia vitani mwaka 1917 iligeuza umbo lile lile kwa kiasi chake yenyewe, zikatoka zaidi ya milioni mbili.

Basi, mama ni elfu moja na kidogo, na watoto ni zaidi ya milioni tatu, nao wanafanana naye. Ndiyo sababu kumtambua mama ni kazi, na ndiyo sababu bei yake ni kubwa kwa wakusanyaji.

Alama inayotajwa kwanza ni mifereji iliyochongwa kwa mshazari katika mti wa mbele, mahali pa kushika kwa vidole. Bunduki ya 1913 inayo. Lakini mti hauapi: mwenye patasi na subira aweza kuchonga mifereji hiyo katika bunduki ya 1914 kwa jioni moja, na kuipaka mafuta na masizi hata ionekane ya kale. Afadhali kupima mtutu, wa.303 ni mpana zaidi, na tofauti hiyo hailingani na udanganyifu wa patasi. Hata mtutu, hata hivyo, huweza kubadilishwa na fundi. Kwa hiyo mpelelezi mwema hutafuta mapatano: mtutu, komeo, sanduku la viasi na mti, vyote viseme neno moja. Wala herufi E juu ya chuma isimfurahishe upesi, kwa maana Eddystone nao walitia E yao. Alama ya wakaguzi wa Enfield ina taji, na namba, na E chini yake.

Sisi wenyewe tulikosa katika jambo la singe. Tulionyeshwa singe ndefu, upanga wake kadiri ya inchi 17, iliyopigwa chapa 1913, tukatangaza kwa furaha kwamba ni mabaki ya majaribio yale. Mwenyewe aliamini, akawaambia jamaa zake. Baadaye tulitazama vizuri zaidi tukaona namba nyingine ndogo chini yake, za mwezi na mwaka wa kufanyizwa, nazo zilikuwa za wakati wa vita. Ile 1913 lilikuwa jina la kielelezo, wala si mwaka. Ilitulazimu kurudi kwa yule mwenyewe na kukanusha maneno yetu, na hatukupewa chai siku hiyo.

Lipo jambo baya kuliko kukosea, nalo ni kusafisha. Mwenye kupata bunduki ya namna hii, akaisugua kwa msasa hata ikang'aa, amefuta taji na namba pamoja na kutu. Bunduki iliyochakaa lakini ina alama zake yasomeka. Iliyong'arishwa imekuwa bubu, na hakuna fundi wa kuirudishia ulimi. Vielelezo vya Enfield vilihamishwa Nottingham kiwanda kilipofungwa mwaka 1988, kisha vikaenda Leeds, katika makumbusho ya silaha ya Royal Armouries. Mwenye shaka na awapelekee wataalamu picha ya alama kabla ya kugusa msasa.

Tukirudia singe: mpini wake umekatwa mifereji miwili ya kukingama. Ilitiwa ili askari asiichanganye na singe ya 1907 ya bunduki fupi, iliyofanana nayo ila haikuingia katika mdomo wa bunduki hii. Wamarekani waliichukua singe ile pamoja na mifereji yake, wakaitumia mwaka 1917, kisha wakaifunga hata kwenye bunduki za marisau, ingawa kwao hapakuwapo singe ya 1907 ya kuchanganya nayo.