PWANI ZA DAR ES SALAAM NA WALIORUHUSIWA KUZIKANYAGA

Ndugu zangu tuliosoma Kibaha,

Halmashauri ya mkutano wetu imetuandikia kuuliza safari hii tukutane pwani gani, na kama ilivyo kawaida yetu majibu yamekuwa mengi kuliko watu. Wapo wanaotaka hoteli yenye bwawa la kuogelea. Wapo wanaosema Coco Beach na mihogo yake yatosha. Na mmoja, ambaye simtaji ingawa tulilala bweni moja, ameshauri tubaki pale pale Maili Moja tule nyama ya kuchoma, bahari tuwaachie wenyewe. Neno hilo "wenyewe" ndilo lililonifanya nishike kalamu. Wenyewe wa pwani ya Dar es Salaam ni nani hasa? Mimi ni mtumishi wa Serikali, nimezoea kufungua jalada kabla ya kujibu barua, na jalada la jambo hili ni nene.

Nianze na kichekesho kimoja. Kibaha ndiyo makao makuu ya Mkoa wa Pwani, lakini ukisimama Maili Moja hutaliona wimbi hata moja. Utaona mikorosho, na malori ya Barabara ya Morogoro. Kwa vijana waliotoka Kigoma au Shinyanga, kupangiwa shule katika Mkoa wa Pwani kulimaanisha kuiona bahari. Wengi walikaa mihula kadhaa kabla ya kuiona, ingawa mji wa Dar es Salaam ulikuwa umbali wa kama kilomita 40 tu.

Basi tuirudie historia. Kabla ya Sultani Majid wa Unguja kuanza kujenga mji wake katika miaka ya 1860, palikuwa na kijiji cha Mzizima, na kandokando yake vijiji vingine vya Washomvi na Wazaramo: Msasani na Kunduchi upande wa kaskazini, Mjimwema na Mbwamaji upande wa kusini. Kwa watu hao pwani ilikuwa mahali pa kazi. Wanaume walishusha ngalawa alfajiri. Wanawake walisubiri maji yapwe wakaokota kombe na kutafuta pweza mwambani. Matumbawe yalichomwa yakawa chokaa ya kujengea misikiti na makaburi. Ukienda Kunduchi leo utayakuta makaburi ya karne ya 18 yenye nguzo, ambazo zamani zilipambwa kwa sahani za kaure kutoka Uchina. Aliyezikwa chini ya sahani za Uchina hakuwa mtu wa kuhurumiwa. Lakini sidhani kama yeye naye aliwahi kwenda kulala mchangani ili apigwe na jua. Jambo hilo lililetwa na wageni.

Wadachi walihamishia makao yao Dar es Salaam mwaka 1891, wakajichagulia upande wa mashariki unaopata upepo wa bahari. Hospitali ya Ocean Road waliijenga huko mwaka 1897. Waingereza walipoichukua nchi baada ya Vita ya Kwanza waliendeleza mpango ule ule kwa ustadi zaidi. Waliugawa mji katika kanda tatu, na hapa naomba msomaji atazame kwa makini, maana sisi wa ofisini twaijua mbinu hii. Kanuni zao hazikutaja rangi ya mtu. Zilitaja aina ya nyumba. Kanda ya kwanza ilikuwa ya nyumba za namna ya Kizungu, ya pili ya biashara, ya tatu ya nyumba za Kienyeji. Nchi ilikuwa chini ya udhamini wa Shirika la Mataifa, na ubaguzi ulioandikwa waziwazi ungeleta maswali huko Geneva. Mpango wa mji wa mwaka 1949 ulibadili maneno tu, ukasema habari za msongamano mdogo, wa kati na mkubwa. Wananchi hawakuhitaji mkalimani. Waliendelea kusema Uzunguni, Uhindini na Uswahilini.

Oyster Bay ilikuwa Uzunguni hasa. Babu yangu mzaa mama alikuwa mpishi katika nyumba mojawapo huko katika miaka ya 1950. Alituambia kwamba mchanga wa pwani ile aliujua kwa sababu ya mbwa wa bwana wake, ambaye ilikuwa lazima atembezwe kila jioni. Hakuna kibao kilichomkataza kwenda bila mbwa. Ila hakwenda, na wala hakumjua mpishi mwingine aliyekwenda.

Uhuru ulikuja mwaka 1961 na Azimio la Arusha mwaka 1967. Hapo ndipo pwani zikaingia katika siasa kwa njia ambayo hakuna aliyeitazamia. Serikali, iliyokuwa ikihitaji fedha za kigeni, iliamua kuendeleza utalii, na Shirika la Utalii likaundwa mwaka 1969. Kaskazini ya mji zikainuka hoteli: Africana, Kunduchi Beach, Bahari Beach. Mwaka 1970 ukazuka mjadala mkali katika gazeti la The Standard, ambalo ndiyo kwanza lilikuwa limetaifishwa. Vijana wa Umoja wa Vijana wa TANU pale Chuo Kikuu waliuliza: nchi inayojenga Ujamaa yawezaje kuwafundisha watu wake kubeba mizigo ya watalii na kuinama wakipewa bakshishi? Wengine wakajibu kwamba dola haina itikadi, na trekta hainunuliwi kwa nyimbo. Barua zilimiminika, na hatimaye Issa Shivji alizikusanya hoja hizo katika kitabu kilichochapwa na Tanzania Publishing House mwaka 1973.

Nilikisoma kitabu hicho nilipokuwa Mlimani, na maoni yangu ni kwamba pande zote mbili zilisema kweli, ila wote walizungumza juu ya pwani kana kwamba ilikuwa tupu. Sikumbuki kumsikia humo mvuvi wa Kunduchi akiulizwa ngalawa yake ataiweka wapi.

Mwaka 1977 Jumuiya ya Afrika Mashariki ilivunjika na mpaka wetu na Kenya ukafungwa, kisha vikafuata vita vya Kagera. Watalii walipungua sana. Lakini pigo kubwa kuliko yote halikutoka kwa wanasiasa wala kwa Idi Amin. Lilitoka baharini.

Hoteli ya Africana ililiwa na maji. Vijana wa leo wanalijua jina hilo kama kituo cha daladala kule Mbezi Beach, na konda akiita "Africana, Africana!" hapana abiria anayefikiri kwamba anatajiwa marehemu. Sababu zake tulifundishwa mwaka 1998, mvua za El Niño zilipokwisha, mwalimu wetu wa Jiografia alipotupakia katika basi la kukodi kutoka shuleni hadi Kunduchi. Alitusimamisha kando ya mnazi ambao nusu ya mizizi yake ilikuwa ikining'inia hewani, akatuonyesha vipande vya zege majini ambapo mawimbi yalivunjikia. Akasema mchanga wa pwani hauzaliwi baharini. Sehemu kubwa huletwa na vijito, kama Mto Mbezi na Mto Tegeta, kisha upepo wa Kusi na mawimbi yake huusukuma kuelekea kaskazini. Watu wa mjini wanapochimba mchanga mitoni ili wafyatue matofali, pwani hukosa chakula chake. Miamba iliyokuwa ikiyavunja nguvu mawimbi nayo ilichimbwa kwa ajili ya chokaa, au ikapasuliwa kwa baruti za wavuvi, ingawa sheria ilikwisha kukataza uvuvi huo tangu mwaka 1970. Na hoteli zilipojenga kuta za mawe kuingia majini ili kuzuia mchanga wao, mchanga ulinaswa upande mmoja, jirani wa upande wa pili akazidi kuliwa. Wale wenzetu waliokuwa wakiiona bahari kwa mara ya kwanza siku ile waliijua ikiwa tayari inakula nchi.

Siku hiyo hiyo tulipotaka kupitia katika hoteli moja ili tuogelee, mlinzi alitutazama sare zetu akatuuliza kama tunacho kiingilio. Hoteli hiyo siitaji. Kisheria hakukosea, lango lilikuwa la mwajiri wake. Lakini nilimkumbuka babu na mbwa wake. Enzi ya kanda tatu ilikuwa imepita, na hoteli za umma zilikuwa zikiuzwa moja baada ya nyingine, nazo kuta zikawa zinasogea karibu na maji. Sheria ya Mazingira ya mwaka 2004 inakataza shughuli za kudumu ndani ya mita 60 kutoka ukingo wa bahari. Mwenye futi kamba na aende akapime mwenyewe.

Haina maana kwamba wananchi wamepoteza kila mahali. Coco Beach, ambayo ndiyo Oyster Bay ile ile, ilipiganiwa katika mzozo mrefu wa viwanja, na hata sasa ni ya yeyote mwenye nauli. Tangu mwaka 2022 daraja la Tanzanite linamfikisha mtu pale juu ya maji kutokea Ocean Road. Kigamboni nayo ina daraja lake tangu mwaka 2016, ingawa mimi bado napenda kivuko cha Magogoni, kwa sababu darajani hakuna muuza karanga.

Basi pendekezo langu kwa Halmashauri ni Kunduchi, lakini Kunduchi ya kijijini, penye mnada wa samaki, si ya getini. Basi liondoke Maili Moja saa moja asubuhi kabla foleni ya Mbezi na Kimara haijakaza. Tuanze makaburini chini ya mibuyu. Tukishaagiza samaki wetu kwa akina mama wakaangaji, wenye nguvu wavuke kwa mashua hadi kisiwa cha Mbudya, ambacho ni hifadhi tangu mwaka 1975. Ada yake ilipwe kutoka katika mfuko wa chama ili asiwepo wa kubaki ng'ambo kwa kukosa fedha. Katibu atazame jedwali la maji kabla ya kutangaza tarehe. Siku za bamvua maji hupwa sana kabla ya adhuhuri, na saa hiyo kina mama wa Kunduchi huwa wako mwambani na ndoo zao, nasi itatubidi tupite kwa adabu.