Pipa la Chokaa Chini ya Ngazi

Chini ya ngazi za nyumba yetu, Mkunazini, Unguja, kuna pipa la plastiki lenye chokaa iliyozimwa, na juu yake maji ya vidole vinne ili isikauke. Wajukuu wanaliogopa. Nimewaambia chokaa ikiwaingia machoni watapofuka, na sikuwadanganya. Kila masika yakiisha navua bangili, najifunga kanga kuukuu, nachota ndoo moja na kuzunguka nyumba nikitafuta nyufa. Nilifundisha jiografia miaka 31, lakini kazi hii sikuipata chuoni. Niliijua utotoni, nikaidharau ukubwani, na ukuta wenyewe ndio ulionirudisha darasani.

Mama hakuwa na jina kubwa la kazi hiyo. Alisema tu "tunapaka". Mwishoni mwa Shaaban alikoroga chokaa kwenye karai, akatia chumvi ili isimchafue mtu akiegemea, na buluu kidogo ya kufulia ili weupe ung'ae. Fundi hakuitwa. Kaka zangu walipanda ngazi, sisi wadogo tukapewa ukuta wa chini, na kabla ya brashi kugusa kitu Mama alipita na kisu cha jikoni akiziba vijitundu. Leo nikikwangua pembeni mwa mlango naziona tabaka hizo, nyembamba kama maganda ya kitunguu. Siku moja nilianza kuzihesabu. Nilipofika 40 nikaacha.

Nyumba nyingi za Mji Mkongwe zilijengwa karne ya 19, siku ambazo karafuu, pembe za ndovu na biashara ya watumwa zilileta fedha kisiwani. Kuta zake, nene kiasi cha nusu mita, ni mawe ya matumbawe yaliyoshikwa kwa chokaa, mchanga na udongo mwekundu. Na chokaa yenyewe ilitoka kwenye mawe hayohayo. Magogo yalipangwa, mawe yakawekwa juu, tanuu likawashwa. Moto mkali uliitoa hewa ya ukaa ndani ya jiwe, likabaki bonge jeupe, jepesi. Ukilimwagia maji linachemka, linavimba, linasambaratika: hapo chokaa imezimwa. Ikishapakwa ukutani huivuta polepole ile hewa iliyoipoteza motoni, hata irudi kuwa jiwe. Kwa hiyo katika nyumba hizi jiwe hushikwa na jiwe.

Dari zilibebwa na boriti za mikoko, zilizouzwa kwa korija, yaani ishirini ishirini. Boriti ndiyo iliyokata upana wa chumba: mita tatu hivi, basi. Ndiyo maana chumba cha bibi yangu kilikuwa kirefu kama ushoroba, na kitanda chake kikifungwa chandarua hapakuwa na njia ya kupita. Juu ya boriti yalipangwa mawe, ikamwagwa chokaa yenye kokoto, kisha watu wakaipiga kwa vipande vya mti kwa siku kadhaa, wakiimba, mpaka ikashikana bila nyufa. Tunapenda kuzisimulia nyimbo hizo. Tusisahau kwamba wengi wa waliopiga dari karne ile walikuwa watumwa, na kivuli cha dari hizo hakikuwa chao.

Baada ya Mapinduzi ya 1964 nyumba nyingi zilitaifishwa, na familia kadhaa zikawekwa chini ya paa moja. Paa likivuja, nani apande? Wa juu alimtazama wa chini, wa chini akaitazama serikali. Mwaka 1966 kiwanda cha Wazo Hill, Dar es Salaam, kilianza kutoa saruji, na mfuko wa saruji ukawa ndio maendeleo. Chokaa ikaonekana ya maskini.

Nami nilitaka maendeleo. Mwaka 1993 nilikusanya mshahara, nikanunua saruji, na mimi na kaka yangu tukapiga lipu ukuta wote wa ngazini, tukamalizia kwa rangi ya mafuta. Ulipendeza, ukang'aa. Masika ya pili lipu ilianguka usiku, pande zima, kwa kishindo kilichowaamsha majirani. Nyuma yake mawe yalikuwa yamelowa na kumong'onyoka kama boflo lililochovywa kwenye chai.

Mzee mmoja fundi, jirani, aliupapasa ukuta akanusa vidole. "Mwalimu," akasema, "umeuziba pua." Unyevu hupanda kutoka ardhini kila siku. Kwenye chokaa hupita na kutoka nje. Kwenye saruji hukwama, na chumvi inayokuja nao huganda ndani na kulitafuna jiwe.

Alinifundisha upya alichokijua Mama. Kwangua hadi ufike penye uzima. Safisha ufa kwa ufagio wa njukuti, kisha unyweshe maji hadi ushibe, la sivyo ukuta kavu utainyonya chokaa kabla haijashika. Shindilia vijiwe kwanza, maana ufa mpana haujazwi kwa chokaa tupu. Changanya chokaa moja kwa mchanga tatu, paka tabaka nyembamba, funika kwa gunia bichi, kesho urudi.

Mamlaka ya kuhifadhi Mji Mkongwe iliundwa mwaka 1985, na mwaka 2000 UNESCO ikauweka mji kwenye orodha ya Urithi wa Dunia. Lakini orodha haipandi ngazi. Tarehe 25 Desemba 2020 sehemu ya Beit al-Ajaib, jumba la Sultani Barghash la mwaka 1883, iliporomoka na watu wawili wakafa. Wiki ile mtaani kwetu watu waligonga kuta zao kwa vifundo vya vidole, wakisikiliza penye mlio wa debe tupu.

Usipoziba ufa utajenga ukuta, tunaambiana. Methali haikutaja uzibe kwa kitu gani. Nadhani waliotuachia hawakuona haja: mjini hapa kitu kilikuwa kimoja, na kila nyumba ilikuwa nacho.

Chokaa ikikaa majini huzidi kulainika. Niliyoizima mwaka huu sitaigusa. Ya mwaka juzi ndiyo iliyoiva. Mjukuu wangu mkubwa ameanza kuuliza kwa nini pipa lina mfuniko mzito hivyo. Masika yakiisha nitamwambia aufunue yeye.